Kaseti Iliyotoka Bristol

Sehemu ya Tisa

"Huyo anayeimba si mama yako. Huyo ni mimi."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na najua umeyabeba maneno hayo siku saba kama mtu aliyebeba sufuria ya moto bila kitambaa. Basi turudi ukumbini, pale maktaba ya Malvern, mashariki ya Toronto, tumsikilize bibi huyu.

Watu sitini walikuwa wamegeuza shingo. Safu ya nyuma kabisa alisimama mama wa miaka sabini, koti zito la baridi juu ya baibui, mkononi kikombe cha karatasi chenye chai. Chai haikutikisika hata kidogo.

Jukwaani, Zaki Merali alibaki na maikrofoni mdomoni.

Kama leo ndiyo unakaa nasi kwa mara ya kwanza, jua hivi tu. Zaki ana miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Bristol, Uingereza, kwa wazazi waliotoka Tanga. Mama yake, Nazira, alifariki yeye akiwa na miaka sita. Miaka thelathini iliyopita, chumbani kwake, alichukua mvumo wa mwanamke kutoka kwenye kaseti kuukuu, akaupunguza mwendo, akautandikia ngoma nzito za polepole. Muziki wa namna hiyo Waingereza wanauita trip-hop. Wimbo akauita "Nazira", na dunia ikamjua kwa jina la Zed.

Tangu hapo, kila jukwaa, kabla ya mvumo ule, husema maneno manne: "Huyu ni mama yangu."

Na kesho yake jioni alitakiwa kuyasema tena, mbele ya watu elfu mbili, katikati ya jiji la Toronto.

"Mtoeni huyo mama!" alifoka Cliff, meneja wake, kutoka pembeni. Alisema kwa Kiingereza, lakini kidole chake hakikuhitaji mkalimani.

"Tulia, bwana," alijibu Ngugi, Mkenya aliyeandaa mazungumzo yale. Kwa siku za kawaida Ngugi hupakia mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege. Leo alikuwa amevaa tai. "Hapa si klabu. Hapa ni maktaba, na maktaba haimfukuzi mtu. Mama, sema."

"Bibi, please, keti," alinong'ona msichana aliyekaa kando ya yule mama. Huyo alikuwa Kubra, mjukuu wake. "Watu wote wanatutazama."

"Waache watazame. Macho si mawe." Bibi akamkazia Zaki uso. "Mimi naitwa Sakeena. Nikuulize, mwanangu. Hiyo kwaruzo inayosikika nyuma ya sauti, wewe huwaambia watu ni nini?"

Zaki alikohoa. Kiswahili alijifunza ukubwani, darasa la jioni, ili awe karibu na marehemu mama yake, na alikisema kama mtu anayesoma taarifa ya habari. "Ni cherehani. Mama yangu alikuwa mshonaji. Wachambuzi wengi wameandika kuhusu sauti hiyo."

Ni kweli waliandika. Mmoja wa London alijaza kurasa nne, akasema ile ni pumzi ya kiwanda kinachomtafuna mhamiaji.

Bi Sakeena alicheka. Alicheka mpaka akashika kiti cha mbele yake.

"Cherehani! Mwanangu, hiyo ni mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi. Nilikuwa nimeikalia, nakuna nazi, huku navumisha wimbo."

Kisha mwanamke mmoja safu ya tatu, Mtanzania, akaropoka, "Hebu irudisheni!"

Ngugi akabonyeza kompyuta. Spika zikavuma tena. Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya kidogo. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Wallahi anakuna!" alisema yule mwanamke. "Hapo kwenye kimya anageuza kifuu. Sikilizeni! Anageuza, anaanza upya!"

"Na mbuzi yenyewe butu," aliongeza jirani yake, na akina mama wote wakaangua kicheko.

Miaka thelathini, msomaji! Maprofesa, waandishi, mafundi wa sauti wenye mashine za thamani, hakuna aliyejua. Akina mama wa safu ya tatu wamejua kwa dakika moja.

Zaki hakucheka.

"Labda mama alikuwa na mbuzi kule Bristol," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Nazi Bristol, mwaka wa sabini na tisa? Nazira alilia kwa ajili ya nazi kama mtu aliyefiwa. Alikuwa akipikia maziwa ya kopo." Bi Sakeena akaanza kutembea kwenda mbele, polepole, akishika viti. "Umesema hiyo kaseti unatembea nayo. Itoe."

"Usiitoe," alisema Cliff, aliyekuwa akinong'onezewa tafsiri pembeni.

Zaki aliitoa. Huitunza ndani ya kibati cha peremende, amekizungushia mpira. Ilikuwa ya rangi ya kijivu, karatasi zake za jina zimebanduka zamani.

"Usinipe," alisema Bi Sakeena. "Ishike mwenyewe. Pembeni, juu ya tundu la kulia, upande mmoja tu, pana doa dogo jekundu. Lipo au halipo?"

Zaki hakuhitaji kutazama. Doa lile alikuwa akilipapasa kwa kidole tangu akiwa na miaka kumi na minne. Mara moja alilibusu, kabla ya kupanda jukwaani kupokea tuzo.

"Lipo."

"Ni rangi yangu ya kucha. Kila mtu alitia alama upande wake, tusije tukafutiana." Sasa alikuwa amefika chini ya jukwaa, na macho yake yalianza kujaa. "Nazira ni dada yangu, tumbo moja. Mimi ni mama yako mdogo, Zaki."

Cliff alimvuta Zaki nyuma ya pazia. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

"Hata kama ni kweli, kesho unapanda na kusema vilevile," alisema Cliff. "Watu hawakulipa kumwona shangazi anakuna nazi."

"Mama mdogo," alisema Zaki.

"Nini?"

"Si shangazi. Ni mama mdogo."

Akamwacha pale amesimama.

Alimkuta Bi Sakeena ameketi kwenye kiti cha plastiki chumba cha kuhifadhia vitabu, Kubra akimfungua vifungo vya koti. Ngugi alisimama mlangoni kuzuia wenye simu.

Zaki alipiga goti moja. Hakuamkia. Swali lilimtoka lenyewe.

"Kama wewe ndiye uliye upande huu, mama yangu yuko wapi?"

"Upande wa pili, baba. Hukugeuza?"

Msomaji, laiti ungeuona uso wake.

"Zilikuwa barua," aliendelea Bi Sakeena, hajatambua bado alichokichoma. "Kule Tanga kaseti tupu hazikupatikana. Nazira alinunua moja, akajaza upande wake, akaituma kwa mtu anayesafiri. Mimi nikasikiliza, nikajibu upande wangu, nikairudisha. Kaseti moja, pande mbili, dada na mdogo wake."

"Upande ule nilisikia sauti ya baba," alisema Zaki.

"Ndiyo. Wanaume kwanza! Baba yako Dawood angekosa? Dakika kumi za salamu: sisi huku wazima, vipi hali ya mzee, vipi hali ya fulani, baridi ni kali lakini alhamdulillahi. Ilikuwa heshima. Mwanaume akimaliza, akienda kazini, ndipo wanawake tunavuta kiti. Kila aliyepokea kaseti alijua, unavumilia salamu mpaka umfikie mtu wako."

Kila aliyepokea kaseti alijua. Lakini mtoto aliyezaliwa Bristol, anayekielewa Kiswahili nusunusu na kujibu kwa Kiingereza, angejulia wapi?

Zaki alikumbuka. Alikuwa na miaka kumi na minne, ameikuta kaseti ndani ya kikapu cha nyuzi. Upande mmoja ulikuwa na mwanamke anayevumisha, dakika mbili, kisha kimya mpaka mwisho. Kikapu kilikuwa cha mama. Kwa hiyo sauti ni ya mama. Upande wa pili ulikuwa na baba anasalimu. Wiki ile baba alikuwa amemvunjia redio yake mbele ya wenzake. Zaki alivumilia salamu kwa muda wa kama dakika moja.

Kisha aliurudisha utepe mwanzo, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

"Nilirekodi juu yake," alisema.

"Juu ya nini?"

"Juu ya upande ule. Ngoma zangu za kwanza. Nilipiga bati la biskuti kwa penseli mbili."

Bi Sakeena aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kubra alitazama chini.

"Nilikuwa nataka kumfuta baba," alisema Zaki. "Kumbe mama alikuwa nyuma yake, anangoja zamu."

"Ulirekodi muda gani?" Ngugi ndiye aliyeuliza.

"Sikumbuki."

"Fikiria, mzee. Upande mmoja ni nusu saa. Ulimaliza yote?"

"Sikumbuki, Ngugi! Nilikuwa mtoto, nilikuwa na furaha!"

Hapo ndipo mambo yaliposimama, msomaji. Kama yule mtoto alichoka mapema, mama yupo. Kama hakuchoka, mama amekwisha, na aliyemmaliza ni mwanawe wa pekee, kwa penseli mbili. Hapakuwa na kaseti nyingine. Bi Sakeena alikuwa amekwisha kusema: iliyokwenda na kurudi ilikuwa moja tu.

"Tunahitaji mashine," alisema Kubra. "Nani ana mashine ya kaseti siku hizi?"

Ngugi akavuta tai yake kidogo. "Msinicheke," alisema.

* * *

Gari la Ngugi lilikuwa limeegeshwa nyuma ya maktaba, nusu limezikwa na theluji. Ni gari ambalo lingekuwa mtu, lingekuwa limestaafu. Kioo kimoja hakishuki, mlango mmoja hufunguliwa kwa ndani. Lakini pale katikati, chini ya saa, palikuwa na mdomo mwembamba mweusi wa kaseti.

"Inacheza?" aliuliza Zaki.

"Inacheza nyimbo za kanisani za mama watoto kila Jumapili. Ila sharti moja: usiguse hiki cha kupeleka mbele. Ukikigusa, inakula utepe. Imeshakula kwaya mbili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tutasikiliza kuanzia mwanzo, kama wazee wetu."

Waliingia. Ngugi kwenye usukani, Zaki kando yake, Bi Sakeena na Kubra nyuma. Injini iliachwa ikinguruma ili joto lipatikane. Nje, saa tisa mchana, theluji ilikuwa ikianguka kimya juu ya magari ya watu wengine.

Zaki aliigeuza kaseti, doa jekundu likaenda chini. Mikono yake, iliyozoea mashine za kila aina, ilishindwa kulenga tundu. Ngugi alimshika kiganja, wakaisukuma pamoja.

Mkwaruzo. Kisha sauti ya mvulana, kwa Kiingereza, yenye bashasha: "Wan, tu, tri!"

Tak-a-tak, tak, bum. Tak-a-tak, tak, bum.

Dakika ya kwanza. Dakika ya tano. Mtoto alipiga, akakosea, akacheka peke yake, akaanza upya. Dakika ya kumi. Kila pigo lilikuwa likimwangukia Zaki kifuani, kwa kuwa alijua lilikuwa limekaa juu ya nini. Salamu za baba zilikuwa zimekwisha hapo. Hapa mama alikuwa anavuta kiti. Tak, bum. Hapa anasema jina la mdogo wake. Tak, bum.

"Kusema kweli si mbaya," alisema Kubra kwa sauti ndogo. "Kwa mtoto wa miaka kumi na minne."

"Tafadhali," alisema Zaki. "Tafadhali, nyamaza."

"Usimfokee," alisema Bi Sakeena. "Na yule mtoto pia usimfokee. Mwache apige. Alikuwa hana mama."

Zaki aligeuzia uso dirishani. Miaka yote hii amehojiwa na watu wa nchi ishirini, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Dakika ya kumi na nane. Dakika ya ishirini. Yule mtoto hakuchoka.

"Choka," Zaki alikuwa akinong'ona. "Choka basi. Choka, mpumbavu wewe."

Dakika ya ishirini na mbili. Dakika ya ishirini na nne. Penseli zilikuwa bado na nguvu. Ngugi alitazama saa ya gari, akaifunika kwa kiganja ili Zaki asiione.

Dakika ya ishirini na sita, bati likaanguka. Mlio mkubwa! Kwa mbali, sauti ya mwanaume ikaita kwamba chakula kiko mezani. Mtoto akasema neno baya.

Tik.

Ngugi aliondoa kiganja juu ya saa.

"...na mguu nao umevimba, lakini usimwambie mama."

Alikuwa mwanamke. Sauti yake haikuwa na lolote la ule mvumo mzito ambao dunia iliulilia. Ilikuwa nyembamba, ya haraka haraka, ya mtu aliyeacha kitu jikoni kisiungue. Alikuwa na mafua. Alipenga, akasema samahani.

"Nazira," alisema Bi Sakeena. "Ya Rabbi. Huyo ndiye Nazira."

Miaka thelathini Zaki amewaambia watu, huyu ni mama yangu, huyu ni mama yangu. Na sasa mama yake alikuwa amefika, na asingemtambua hata kama wangepishana dukani.

"Sasa sikiliza, Sakeena," iliendelea sauti. "Haya nitakayosema, ukishayasikia, futa. Futa kabisa. Zaki asije akayasikia. Hata akiwa mtu mzima, hata akiwa na ndevu zake. Niapie. Basi, jambo lenyewe ni hili..."

Mkono wenye pete mbili ulipita katikati ya viti na kubonyeza. Kaseti ikachomoza ulimi.

"Bibi!" alisema Kubra.

"Niliapa!" alisema Bi Sakeena. "Nilipolisikia lile neno, niliapa peke yangu, mkono juu ya msahafu."

"Lakini hukufuta," alisema Zaki.

"Ningefutaje sauti ya dada yangu? Nilimrudishia aifute mwenyewe. Haikumkuta. Ilifika Bristol wiki moja baada ya maziko."

Ngugi alifungua mlango. "Nitapangusa vioo," alisema, akatoka na brashi yake, ingawa theluji ilikuwa ikifunika kioo haraka kuliko alivyoweza kuipangusa.

Wakabaki watatu.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza Zaki.

"Tatu. Labda tatu na nusu," alisema Kubra.

Dakika tatu. Hicho ndicho kipande chote cha mama kilichobaki duniani, msomaji, na mama mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema mwanawe asikisikie. Asikilize, amwasi mama yake. Asisikilize, ampoteze mara ya pili, na safari hii kwa kutaka.

"Mama mdogo, wewe unayajua aliyoyasema."

"Nayajua."

"Niambie wewe basi. Kaseti tuiache."

"Hicho ndicho kiapo, Zaki. Utepe haukuapa. Mimi ndiye niliyeapa."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Usiniulize mimi, baba. Mimi nimeshindwa mambo mengi katika hadithi hii."

Zaki aliitazama kaseti. Kazi yake yote, umri wake wote, ilikuwa kuchukua sauti za watu. Wazee wa kwenye santuri kuukuu, wanawake wa kwenye redio za mbali, watu waliokufa, watu waliosahauliwa. Aliwakata, akawarefusha, akawapunguza mwendo, na hakuwahi kumuuliza hata mmoja: unaniruhusu? Hii ilikuwa mara ya kwanza aliyetekwa sauti kumjibu. Amejibu hapana.

Na bado alitaka. Alitaka kama mtoto anavyotaka.

"Nisamehe, mama," alisema, na akaisukuma kaseti ndani.

"...daktari amenipa mpaka mwezi wa nane. Dawood hajui. Akijua atalia, na akilia sitaweza kupika. Sakeena, mimi siogopi kwa ajili yangu. Ni huyu mtoto. Huyu mtoto halali bila mtu kumshika sikio. Unalishika hivi, kati ya vidole viwili, analala. Dawood hajui kumshika sikio. Njoo umchukue. Usiseme nauli, usiseme mume, njoo. Nimemwambia Zaki kwamba..."

Na hapo, msomaji, sauti ikaanza kuzama.

Ilikuwa baridi, au uzee wa utepe, au njaa ya redio ile iliyokula kwaya mbili. Maneno yalivutika. Yakawa mazito. Sauti nyembamba ya Nazira ikashuka, ikashuka, ikawa polepole na nene, kama Zaki mwenyewe alivyozoea kuzifanya sauti za watu kwa kugeuza kitufe kimoja.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, hapana. Ngugi!"

Ngugi aliruka ndani na theluji mabegani. "Usivute! Usiivute!"

"Itoe!"

"Nikivuta inakatika!"

"...kkkwaaambaaa..."

Kisha kimya. Ndani ya mashine kitu kilijikunja kwa mlio mdogo, kama mtu anayekunja karatasi. Ngugi alizima redio, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akainamisha kichwa. Na Zaki, fundi wa sauti mashuhuri wa Uingereza, ameketi mbele ya redio ya gari kuukuu Malvern, mikono mapajani, hana la kufanya. Utepe mwembamba wa kahawia ulikuwa umechungulia kwenye ule mdomo mweusi. Hakuthubutu hata kuupulizia.

"Pengine unaweza kunyooshwa," alisema Kubra. "Kuna watu wanajua kunyoosha utepe. Kweli. Tutatafuta."



Joto la gari lilikuwa limeanza kuwatoa machozi, au labda walisingizia joto.

"Alikuomba uje," alisema Zaki hatimaye, bila kugeuka. "Ulimjibu nini?"

Bi Sakeena alikunja ncha ya mtandio.

"Nilikuwa na miezi mitatu katika ndoa. Mume hataki, mkwe hataki hata kusikia. Nilikaa jikoni nikabonyeza kitufe ili nimjibu, na sikuwa na neno. Niliona aibu kunyamaza, nikachukua nazi nikaanza kukuna. Nikavumisha wimbo aliokuwa akiniimbia yeye nilipokuwa mdogo. Dakika mbili. Nikazima." Alipangusa uso kwa kiganja. "Hilo ndilo jibu langu, Zaki. Umelipiga dunia nzima."

Ukumbi baada ya ukumbi ulipita kichwani mwa Zaki. Watu wanalia na kuinua simu zenye mwanga. Na wote, yeye wa kwanza, walikuwa wakimsikiliza mwanamke aliyeshindwa kusema nakuja.

"Baba alikuwa sahihi basi," alisema, na hasira ilimpanda ghafla, hasira ya miaka arobaini na sita. "Alisema ndugu wa mama walitutupa. Mama alikuita akiwa anakufa, wewe ukakuna nazi. Hukuja."

"Nilikuja."

Zaki aligeuka.

"Niliuza bangili zangu sita, nikatoroka nyumbani kwa mume wangu," alisema Bi Sakeena. "Nilifika Bristol mwezi wa tisa, mvua inanyesha, nimevaa kandambili. Ule mlango wa kijani, wenye kitasa cha shaba. Niligonga."

"Baba hakuwahi kuniambia."

"Baba yako hakujua. Alikuwa kazini." Alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu asimame kule ukumbini, kikongwe huyu alionekana kuogopa. "Aliyenifungulia mlango ni wewe, Zaki. Ina maana hukumbuki kabisa ulichoniambia?"